Kutoka viungo 18 hadi 5: namna ya kuusoma mchango wa mtafiti wa kinga ya mwili

Mwaka 1993 kikundi cha madaktari na watafiti wa London kilichapisha matokeo ya wagonjwa 20 wa baridi yabisi ambao dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Ukiwapanga wagonjwa hao kwa safu, kuanzia mwenye viungo vichache vilivyovimba hadi mwenye vingi, yule wa katikati alianza matibabu akiwa na viungo 18 vilivyovimba. Vidole, viwiko, magoti, vifundo vya miguu: jaribu kuvihesabu kwenye mwili wako mwenyewe mpaka ufike 18. Wiki sita baadaye, yule wa katikati alikuwa na viungo 5. CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapokuwa na inflamesheni (uvimbe na joto linaloletwa na kinga ya mwili), ilishuka kutoka miligramu 39.5 kwa lita hadi 8.

Dawa waliyopewa iliziba kitu kimoja tu, protini iitwayo TNF. Leo dawa za jamii hiyo zimetumiwa na mamilioni ya watu wenye baridi yabisi, ugonjwa wa Crohn unaoshambulia utumbo, na soriasisi ya ngozi. Walioongoza kazi ile ni Marc Feldmann, aliyezaliwa Lviv mwaka 1944 na kusomea Australia, na Ravinder Maini, aliyezaliwa India, akakulia Uganda, kisha akawa daktari wa viungo Uingereza.

Sasa tuseme unataka kujua mchango wa mwanasayansi wa aina hii. Labda unagawa fedha za utafiti, labda unatafuta msimamizi wa kukuongoza katika shahada, labda ni mgonjwa unayejiuliza fedha hizo zinaishia wapi. Utafungua ukurasa wake mtandaoni na kukutana na namba: makala mia kadhaa, kunukuliwa mara maelfu kwa maelfu, faharasa ya h kadha wa kadha. Hakuna hata moja kati ya namba hizo itakayokuambia habari ya viungo 18 na 5. Kwa hiyo tuanze na namba zenyewe, tuone zinasema nini, kisha tuzifuate nyayo za TNF, maana nionavyo mimi ndiko mchango wa mtafiti unakoonekana kwa macho.

Namba za ukurasani

Msingi wa namba zote hizo ni kunukuliwa. Mtafiti akiandika makala ya kitaalamu, huorodhesha kazi za wengine alizozitegemea, na kila unapoingia kwenye orodha ya mtu unahesabiwa umenukuliwa mara moja. Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza mwaka 1955 kwamba orodha hizo zikusanywe pamoja, ili msomaji aweze kulifuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Ilikuwa ramani ya maarifa. Kuitumia ramani hiyo kupima watu kulizoeleka baadaye.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alibuni faharasa ya h. Chukua mtafiti mwenye makala tano, zilizonukuliwa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Nne kati ya hizo zimenukuliwa angalau mara nne kila moja, kwa hiyo h yake ni 4. Hapati 5, kwa sababu ile ya tano imenukuliwa mara moja tu. Sasa tuseme ile ya kwanza ilifungua njia ya tiba mpya, ikanukuliwa mara 4,000 badala ya 40. Je, h yake inapanda mpaka ngapi? Inabaki 4. Faharasa hii imetengenezwa ionyeshe uzalishaji wa kudumu, na hilo inalionyesha vizuri. Ugunduzi mmoja mkubwa unapita chini yake bila kuitikisa.

Hesabu ya jumla ya kunukuliwa nayo ina mitego yake. Makala iliyonukuliwa kuliko karibu kila nyingine katika historia ya sayansi ni ya mwaka 1951, ya Oliver Lowry na wenzake, iliyoeleza njia ya kupima kiasi cha protini kwenye sampuli. Imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, kwa sababu kila aliyeitumia njia hiyo alipaswa kuitaja. Makala za mapitio, zinazokusanya kazi za wengine mahali pamoja, hunukuliwa kwa wingi kuliko jaribio lenyewe lililozaa habari. Na katika elimu ya kinga ya mwili makala moja inaweza kuwa na waandishi ishirini: aliyekaa usiku na sahani za seli na aliyetoa sampuli mbili wanapata alama sawa.

Ndiyo maana mwaka 2012 wahariri na watafiti waliokutana San Francisco waliandika azimio linaloitwa DORA, wakizisihi taasisi ziache kumpima mtu kwa hadhi ya jarida alilochapisha. Mimi sizitupi namba. Mtu aliyenukuliwa mara elfu ishirini amesomwa, na kusomwa si jambo dogo. Lakini swali langu ni jingine: ni nani alifanya jambo tofauti siku iliyofuata kwa sababu ya kazi hii? Swali hilo halijibiwi kwa kujumlisha. Hujibiwa kwa kufuatilia, hatua kwa hatua.

Sahani ya seli zisizotulia

Kwanza tuelewane kuhusu inflamesheni. Mwiba ukikuchoma kidoleni, panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto, panauma. Mishipa midogo ya damu imetanuka na kuta zake zimelegea ili seli nyeupe zipenye kwenda kupambana na vijidudu. Kazi ikiisha, kidole kinarudi kama kilivyokuwa. Katika baridi yabisi hakuna kurudi. Utando mwororo unaokifunika kiungo kwa ndani unajaa seli za kinga zinazopigana mchana na usiku na adui asiyekuwapo. Utando unanenepa, unaanza kula gegedu, kisha mfupa. Asubuhi mgonjwa anaamka vidole vimekakamaa, hawezi kukunja ngumi wala kufunga kifungo cha shati.

Seli hizo huwasiliana kwa saitokini, protini ndogo ambazo seli moja huzitoa na nyingine huzipokea, zikibeba maagizo: njoo huku, ongezeka, toa vimeng'enya, ita wengine. Katika miaka ya 1980 watafiti walipata njia ya kuzipima, na walipopima ndani ya viungo vyenye baridi yabisi wakakuta saitokini za kila aina. Hapo wengi walikata tamaa, na hoja yao ilikuwa na mantiki. Kama sauti kumi zinatoa agizo lilelile, ukiinyamazisha moja, tisa zilizobaki zitaendelea. Kuna faida gani kutengeneza dawa ya kuziba moja?

Fionula Brennan, akishirikiana na Feldmann, Maini na wengine, alilipeleka swali hilo maabara. Nataka tulitazame jaribio hili kwa karibu, kwa sababu mambo mengi yaliyofuata yametoka humo.

Mgonjwa wa baridi yabisi anapopasuliwa kiungo, utando ulioharibika hutolewa. Kwa kawaida ungetupwa. Watafiti hawa waliuchukua, wakautenganisha mpaka wakabaki na seli mojamoja, zile za aina mchanganyiko zilizokuwa zikiishi pamoja ndani ya kiungo, wakaziweka kwenye kimiminika chenye virutubisho, katika joto la mwili. Seli hizo ziliendelea kutoa saitokini siku baada ya siku bila kuchokozwa na chochote, kana kwamba bado zimo gotini. Yaani kile kiungo kiligeuka kitu kinachoweza kuulizwa maswali juu ya meza. Kisha wakaongeza kingamwili, yaani protini ya kinga inayonata kwenye kitu kimoja maalumu, iliyoikamata TNF na kuizuia isifike kwenye seli. Walichokwenda kupima kilikuwa interleukini-1, saitokini nyingine kabisa, iliyojulikana kwa kuharibu gegedu. Ikashuka. Walipotumia kingamwili dhidi ya limfotoksini, protini iliyo ndugu wa TNF, hapakuwa na badiliko la maana.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1989. Maana yake ni kwamba zile sauti kumi hazikuwa zimesimama bega kwa bega. Zilipangana kwa ngazi, na TNF ilikaa ngazi ya juu, ikiziamsha nyingine. Kuanzia hapo swali la watafiti wa fani hii lilibadilika. Awali waliuliza, zipo saitokini ngapi kwenye kiungo? Sasa wakauliza, ipi inazitangulia nyingine? Kubadilisha swali ambalo wenzako wanaamka nalo asubuhi ni mchango mkubwa kuliko kuwapa jibu moja, na ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda zaidi.

Ukizifuata nyayo kurudi nyuma

Lakini Brennan na wenzake waliipata wapi TNF? Hapa ndipo mtu anayetaka kumpa mtafiti mmoja sifa zote anapoanza kupata shida.

Kamba hii inaanzia kwenye saratani. Miaka ya 1890 daktari wa upasuaji wa New York, William Coley, aliwadunga wagonjwa wake bakteria baada ya kuona kwamba baadhi ya vivimbe hunywea mgonjwa akipata maambukizi makali. Kwa miongo mingi hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1975, katika jiji hilohilo, Elizabeth Carswell, Lloyd Old na wenzao waliwaandaa panya kwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, kisha wakawapa sumu ya bakteria, wakachukua majimaji ya damu yao na kuwadunga panya wengine wenye vivimbe. Vivimbe vikafa. Kulikuwa na kitu ndani ya majimaji hayo, wakakiita kisababishi cha kufa kwa vivimbe. Herufi TNF ni kifupi cha jina hilo kwa Kiingereza.

Wakati huohuo, Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller alikuwa akihangaika na jambo lililoonekana kuwa mbali kabisa na saratani. Wanyama wenye trypanosoma, vimelea vya nagana na malale, hukonda mpaka wakabaki mifupa. Yeye na Carol Rouzer walieleza mwaka 1980 kwamba damu ya sungura walioambukizwa hujaa mafuta, ilhali mwili wenyewe unanyauka. Cerami aliamini kwamba mwili wa mnyama ndio unaotengeneza kitu kinachozuia mafuta yasitumike. Bruce Beutler alijiunga naye, wakakisafisha kitu hicho na kukiita kakektini, na mwaka 1985 wakagundua kwamba kakektini na TNF ni protini ileile. Kitu kinachoua vivimbe na kitu kinachomkondesha mnyama mgonjwa vilikuwa kimoja. Mwaka huohuo walionyesha kwamba panya waliopewa kinga dhidi ya protini hiyo walistahimili sumu ya bakteria ambayo ingewaua.

Hapo TNF ilivuka mpaka. Haikuwa tena dawa tarajiwa ya saratani; ilikuwa mtuhumiwa.

Kuna kamba nyingine bado. Kingamwili ya kuikamata TNF na hakuna kingine isingepatikana bila njia ya Georges Köhler na César Milstein ya mwaka 1975, iliyowezesha seli moja kutengeneza kingamwili ya aina moja bila kikomo. Jan Vilček na Junming Le wa Chuo Kikuu cha New York walitengeneza kingamwili ya panya dhidi ya TNF, na kampuni ya Centocor ikaiunganisha na sehemu za kingamwili ya binadamu ili mwili usiikatae haraka. Kampuni ilikuwa na sepsisi akilini, yaani maambukizi yanayosambaa mwilini na kuangusha shinikizo la damu. Feldmann alipotafuta kingamwili ya kuwajaribia wagonjwa wa viungo, aliyemsikiliza pale Centocor alikuwa James Woody, aliyewahi kusoma chini yake.

Ukizihesabu hatua hizi, nani ana mchango? Tuzo ya Lasker ya mwaka 2003 ilikwenda kwa Feldmann na Maini. Nadhani walistahili, kwa sababu kuona kwamba kingamwili ya sepsisi ni dawa ya baridi yabisi kulihitaji ushahidi wa ile sahani na ujasiri wa kwenda kinyume cha maoni ya wengi. Hata hivyo tuzo hutaja majina mawili matatu, na watu kama Brennan, aliyefariki mwaka 2012, hubaki kwenye orodha ya waandishi ambayo wachache huisoma. Anayeandika tathmini ya mtafiti kwa uaminifu hana budi kuisoma orodha hiyo.

Kutoka kwenye sahani hadi kwa mgonjwa

Sahani si mgonjwa. Richard Williams, katika kikundi hichohicho cha London, aliwajaribia panya wanaougua viungo na kuonyesha mwaka 1992 kwamba kuziba TNF kunapunguza uvimbe na uharibifu hata ugonjwa ukiwa umeshaanza. Mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza walitundikiwa dripu katika hospitali ya Charing Cross. Hao ndio wenye viungo 18 na 5.

Matokeo hayo peke yake hayakutosha, na watafiti walilijua hilo. Wagonjwa 20 wote walipewa dawa, na wote walijua wanapewa dawa. Mtu mwenye maumivu anayepewa matumaini huweza kupata nafuu kwa matumaini tu. Kwa hiyo lilifuata jaribio la wagonjwa 73 katika vituo vinne vya Ulaya, lililochapishwa mwaka 1994. Kura iliamua nani apate dozi kubwa, nani dozi ndogo na nani plasebo, yaani dripu isiyo na dawa. Mgonjwa hakujua na daktari aliyempima hakujua. Baada ya wiki nne, waliopata nafuu iliyokubalika kwa vipimo walikuwa asilimia 79 kwa dozi kubwa, asilimia 44 kwa dozi ndogo na asilimia 8 kwa plasebo.

Mpangilio wa namba hizo tatu ndio unaoshawishi. Dozi ikipanda, nafuu inapanda. Matumaini hayajui ukubwa wa dozi ambayo mtu hakuambiwa.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo, infliksimabu, mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, na mwaka uliofuata kwa baridi yabisi. Mwaka 1998 huohuo iliidhinishwa etanaseti, inayoinasa TNF kwa namna nyingine. Adalimumabu ilifuata mwishoni mwa 2002. Lakini ukihesabu dawa peke yake utaupunguza mchango huu. Kampuni na maabara ambazo awali ziliamini kwamba hakuna faida kuziba saitokini moja zilirudi mezani na kuuliza ipi inaongoza katika ugonjwa wao. Katika soriasisi likaja jibu la interleukini-23 na interleukini-17. Interleukini-6, ambayo Tadamitsu Kishimoto wa Japani aliitumikia kwa miongo kadhaa, ikapata tosilizumabu, dawa inayotumika kutibu viungo. Dawa hiyo mwaka 2021 ilionekana katika jaribio la RECOVERY la Uingereza kupunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa wakiwa na upungufu wa oksijeni: asilimia 31 walifariki ndani ya siku 28, ikilinganishwa na asilimia 35 ya wasiopewa. Hakuna mtathmini ambaye mwaka 1994 angeliweza kuandika kwenye fomu kwamba fani hii itasaidia katika janga la miaka 27 mbele.

Mahali ambapo ilishindikana

Siwezi kuielezea kazi hii kwa ushindi wake tu. Sepsisi, ugonjwa ambao kingamwili zilitengenezwa kwa ajili yake, haikutibika. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 141 wa sepsisi waliopewa protini ya kunasa TNF au plasebo, na waliopewa dozi kubwa zaidi walikufa zaidi. Katika ugonjwa wa sklerosisi ya neva, ambao nao unatokana na kinga kushambulia mwili, dawa nyingine ya kuziba TNF iliyojaribiwa kwa wagonjwa 168 iliongeza mashambulizi badala ya kuyapunguza.

Kwa nini protini ileile, ikizibwa, imsaidie mgonjwa wa viungo na imdhuru mgonjwa wa neva au wa sepsisi? Sehemu ya jibu ni wakati: sepsisi hukimbia kwa saa, na mgonjwa anapofika wodini TNF imeshafanya kazi yake. Sehemu nyingine ni kwamba TNF ina kazi halali mwilini, na tukiizuia kila mahali tunazuia na kazi hiyo. Mimi nayaweka majaribio haya ndani ya mchango wa fani, kwa sababu yaliwafundisha madaktari nani asipewe dawa hii. Ila kwenye kurasa za namba, jaribio lililoshindwa mara nyingi huonekana kama mwaka wa ukame.

Somo kali zaidi lilitoka kwenye kifua kikuu. Bakteria wake wakiingia mapafuni, mara nyingi mwili hauwaui wote. Hujenga ukuta wa seli kuwazunguka, kinundu kidogo kiitwacho granuloma, na bakteria hulala humo kwa miaka, pengine maisha yote. Mwaka 1989, mwaka uleule wa sahani ya Brennan, watafiti wa Geneva walionyesha kwamba panya waliozuiliwa TNF baada ya kupewa BCG hawawezi kujenga granuloma vizuri. Kwa maneno mengine, saruji ya ukuta ule ni TNF.

Makala hizo mbili zilikaa kwenye majarida tofauti, zikisomwa na watu wa fani tofauti. Moja ilisema ziba TNF. Nyingine ilieleza kitakachobomoka ukiiziba. Mwaka 2001 Joseph Keane na wenzake walikusanya taarifa za wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya infliksimabu, wengi wao ndani ya miezi michache ya kuanza dawa. Zaidi ya nusu ugonjwa ulikuwa umetoka nje ya mapafu, jambo lisilo la kawaida kwa kifua kikuu, na ndilo ungelitarajia kuta zikibomoka. Kumi na wawili walifariki.

Nikisoma namna watu wanavyopima mchango wa watafiti, makala ile ya Geneva hunirudia akilini. Mwaka 1989 ilihusu panya na vinundu vyao. Miaka kumi na mbili baadaye ndiyo iliyoeleza kilichowapata watu 70.

Mchango unaokwama njiani

Kuna swali ambalo mtafiti wa maabara halijibu lakini tathmini ya mchango wake haiwezi kulikwepa: dawa inamfikia nani? Adalimumabu iliuzwa kwa zaidi ya dola za Marekani bilioni 20 katika mwaka 2021, na tena katika mwaka 2022. Kwa hesabu ya biashara ni mafanikio makubwa. Fedha nyingi hivyo kwa dawa moja zinaeleza pia bei yake, na bei inaeleza wagonjwa wangapi wamebaki na dawa za zamani huku mifupa ikiliwa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Nakala zake zilizotengenezwa na kampuni nyingine zilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2018, na Marekani mwaka 2023. Ugunduzi ulikamilika miaka ya 1990. Kuufikisha kwa watu bado kunaendelea.

Uingereza ilijaribu kuliweka suala hili kwenye mizani rasmi. Katika tathmini ya vyuo vikuu ya mwaka 2014, asilimia 20 ya alama zilitolewa kwa athari ya utafiti nje ya chuo, na mwaka 2021 zikawa asilimia 25. Chuo hakitoi orodha ya kunukuliwa kwa alama hizo. Kinaandika kisa: utafiti huu, uliofanywa hapa, ulisababisha badiliko hili, kwa watu hawa, na ushahidi ni huu. Naipenda njia hii kwa sababu inamlazimisha mwandishi ataje kiungo kinachounganisha makala na mgonjwa. Udhaifu wake ni kwamba kisa kizuri hupenda shujaa mmoja na njia iliyonyooka, na njia ya TNF, kama tulivyoona, imepitia saratani, trypanosoma na sepsisi kabla ya kufika kwenye goti.

Kwa hiyo ukipewa jina la mtafiti wa inflamesheni na kuulizwa ana mchango gani, anza na makala yake moja, ile anayoiona yeye mwenyewe kuwa ya maana. Soma nani aliinukuu, na hasa aliinukuu kwa kusema nini: aliitumia, aliipinga, au aliitaja tu kwa adabu kwenye utangulizi? Tafuta kama iko kwenye mwongozo wa matibabu. Tafuta kama kuna jaribio la wagonjwa lililoanza kwa sababu yake, hata kama lilishindwa. Angalia wanafunzi wake wako wapi. Woody alikuwa mwanafunzi. Kazi hii huchukua siku nzima kwa makala moja, na sijui njia ya mkato inayoheshimu ukweli.

Na hata ukifanya yote hayo kuna sehemu utakayoikosa, kwa sababu maarifa yakishazoeleka kabisa watu huacha kutaja yalikotoka. Leo mgonjwa wa baridi yabisi akipangiwa dawa ya kuziba TNF, haanzi siku hiyohiyo. Daktari humuuliza kama aliwahi kuugua kifua kikuu, au kuishi nyumba moja na mtu anayekiugua. Anapimwa kwa damu au kwa sindano ndogo ya ngozini mkononi, anapigwa eksirei ya kifua. Akionekana ana bakteria waliolala, hupewa kwanza dawa za kuwaua. Fomu ya maabara haitaji panya wa Geneva wala wale wagonjwa 70. Ina kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana, na majibu yakirudi safi muuguzi anatundika dripu.